Shingo Ikivimba, Uliza Kinywa

Shingo ikivimba, uliza kinywa. Jirani yetu Nangasu anadai methali hii ilitokana na mlafi aliyemeza mfupa matangani, ukamkwama hadi shingo ikatuna. Msimsikilize, wajukuu, Nangasu hata mvua huitungia kisa. Chanzo chake ni hiki.

Kwetu milimani rovu si jambo geni. Kwa hiyo uvimbe ulipomtokea Bi Nakijwa shingoni, hakuna aliyeshtuka. Waliomtembelea walimwambia ale chumvi ya dukani na akandwe kwa majani ya moto.

Aliyemkanda ni mkamwana wake, Namkunda, mtu wa maneno machache na macho mengi. Mama yake mzazi alikuwa na rovu, naye alijua kuwa rovu hukaa mbele ya koo, na mtu akimeza mate nalo hupanda. Uvimbe huu ulikuwa pembeni, chini ya taya, mgumu kama kokwa la parachichi. Tena aliona jinsi mama mkwe alivyouhamishia shavuni ugoro wake wa chini ya ulimi, na kande ikipakuliwa alikula maharage akaacha mahindi.

"Mama," alisema siku moja akimkanda, "nakuomba ufungue kinywa nione."

"Ala! Mimi ng'ombe wa mnadani, unikague meno?"

"Ng'ombe angekuwa ameshafungua, mama."

Bi Nakijwa alitaka kukasirika, akacheka. Kicheko kikamuuma, akashika shavu. Namkunda alivuta kigoda, akakaa, akangoja. Mwisho kinywa kikafunguka. Chini ya ulimi palikuwa na kidonda chenye kingo ngumu.

"Kimeanza lini, mama?"

"Tangu kabla ya mavuno. Lakini wewe nawe! Naumwa shingo, unachungulia mdomo!"

Kesho yake waliteremka hadi hospitali kubwa. Daktari alikata kinyama kidogo, kikapimwa.

"Mama, hii ni saratani," alisema. "Imeanzia chini ya ulimi, ikashuka kwenye tezi za shingo. Hata mngeikanda shingo mwaka mzima, shina lingebaki kinywani. Lakini haijavuka hapo. Tutapambana nayo."

Alipasuliwa kinywani na shingoni, kisha akapigwa mionzi. Alirudi amekonda, ulimi mzito, kovu likishuka toka sikioni. Lakini mvua za mwaka uliofuata zilimkuta shambani akipalilia tangawizi, akigombana na kila kuku aliyepita.

Ndipo siku moja mwanawe Eliaichi, mume wa Namkunda, akamjia kichwa chini.

"Mama, mke wangu amenuna tangu juzi. Hanisemeshi. Nakuomba ukamsihi."

Bi Nakijwa alikuwepo hiyo juzi, Eliaichi alipowasimulia wageni kwamba ni yeye mwenyewe aliyegundua ugonjwa wa mama, mkewe akiwa papo hapo anawamiminia chai.

Alimtazama mwanawe sana. Kisha akaokota jembe lake.

"Mwanangu," alisema kwa ulimi wake mzito, "shingo ikivimba, uliza kinywa."

Akarudi kwenye tangawizi zake.