Msumari Usio na Kofia

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ipi, kule milimani Rungwe ambako mvua haipigi paa tu bali hupiga na ubavu wa nyumba, aliishi mwanamke aitwaye Tusajigwe pamoja na mama yake mzazi, Bi Gwantwa. Miguu ya Bi Gwantwa ilikuwa imemgomea mwaka wa tatu sasa, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Kitanda chake kiliegemea ukuta wa udongo, upande uleule mvua inakotokea. Masika hayo ukuta ukaanza kumeguka. Tusajigwe akamsihi mama wahamie kwa kaka yake.

"Nyumba hii aliijenga baba yako," mama akajibu. "Nitatoka humu nikibebwa, na siyo wiki hii."

Tusajigwe akatoka nje na hasira zake. Majirani walikuwa wakipita na ndoo za maziwa. Akapaza sauti: "Jamani, nisikieni! Atakayeuokoa ukuta wa mama yangu, ndama aliye tumboni mwa ng'ombe wangu ni wake!"

Neno likishatoka limetoka. Na kwao kule kumpa mtu ng'ombe si mchezo. Mkishapeana ng'ombe mmekuwa ndugu, mnazikana na mnaozeshana. Ukimpa asiyestahili, aliyestahili hatakanyaga tena uani kwako.

Wa kwanza kufika alikuwa Ambokile, fundi. Tusajigwe alikuwa na mabati sita membamba, yale ya bei ya chini, akataka yapigwe ukutani kwa nje yazuie mvua. Lakini dukani misumari ya bati, ile yenye kofia pana, ilikuwa imekwisha, na barabara ya kuiletea ilikuwa tope tupu. Ambokile akarudi kwake, akabomoa banda lake la zamani, akang'oa misumari ya kawaida iliyopinda. Akakaa kwenye jiwe kutwa nzima akiinyoosha mmoja mmoja, na dole gumba akaligonga mara nne. Kisha akapigilia mabati yote sita kwenye papi, zile mbao nyembamba zilizopita ukutani. Yakang'aa! Watu wakapiga makofi.

Kesho yake alasiri upepo ukaja. Prrrr! Mabati yote yakaondoka. Misumari ikabaki palepale kwenye papi, ishirini na minne, haukutikisika hata mmoja. Bati moja lilikwenda kumfunika jogoo wa jirani wa bondeni, na jogoo akawika humo ndani mpaka walipomfunua.

"Kazi yangu imeshika," akasema Ambokile, akiitazama misumari kwa fahari. "Kilichoondoka ni mabati."

Bi Gwantwa akacheka kitandani hadi akakohoa. "Fundi wee! Kifungo kidogo kwenye tundu kubwa, shati litakaa? Bati lako jembamba, kichwa cha msumari kidogo. Linachomoka tu. Uvisheni msumari kofia."

Kofia ipi sasa? Tusajigwe akaizunguka nyumba mara mbili bila kupata jibu. Ndipo akasikia ta! ta! ta! kutoka kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga. Mzee Mwakalinga alikuwa akicheza drafti na shemeji yake, kete zao vifuniko vya soda, ishirini na vinne. Shemeji huyo alikuwa akimfunga tangu enzi na enzi. Siku hiyo Mzee Mwakalinga alikuwa na kingi mbili, na shemeji jasho lilikuwa likimtoka.

"Shikamoo, mzee. Naomba kete zako."

"Marahaba, mwanangu. Niache nimmalize huyu kwanza."

"Mvua ile inakuja, mzee."

Mzee akaitazama mvua. Akazitazama kingi zake mbili. Akafumba macho, akakumba kete zote kwa mkono mmoja, akazimimina kwenye kanga ya Tusajigwe. Shemeji yake alishangilia peke yake.

Mabati yakaokotwa migombani, Ambokile akaing'oa misumari, akavitoboa vifuniko, akavipitisha kwenye misumari, akapigilia bati la kwanza. Kra! Meno ya kifuniko yakalimega bati. Akajaribu tena. Kra! Likamegeka tena. Matone yakaanza kudondoka.

Subilaga, mwenye yule jogoo, alikuwa amesimama pale akitazama. Miguuni alikuwa na ndala mpya za buluu alizonunua gulioni na kuzivaa Jumapili moja tu. Akazivua, akaomba kisu, akazikatakata vipande vidogo vya mviringo. Kifuniko juu, mpira chini, bati chini yake. Ambokile akapigilia. Hapakuwa na kra. Subilaga akarudi kwake peku kwenye tope.

Mvua ikanyesha siku tatu. Upepo ukayavuta mabati, ukayasukuma, ukayatukana. Hayakwenda popote. Siku ya nne jua likatoka, ukuta ukawa mkavu, na ng'ombe akazaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Tusajigwe alifurahi mpaka akalia.

Furaha hiyo haikufika mchana. Watatu wakaja uani, na kila mmoja amekuja na kamba yake.

"Dada, mimi nilibomoa banda langu," akasema Ambokile. "Nilikunja mgongo kutwa nzima. Kofia bila msumari inakaa wapi? Hewani? Ndama ni wangu."

"Msumari ulikuwepo na mabati yakaruka," akasema Mzee Mwakalinga. "Kofia ndizo zilizoyakaza. Ushindi niliuacha mezani, mwanangu, na shemeji anatangaza mpaka leo kwamba nilikimbia. Ndama ni wangu."

"Msumari ulikuwepo, kofia zilikuwepo, na bati likachanika," akasema Subilaga. "Wewe, mzee, uliombwa. Wewe, fundi, ufundi ni kazi yako. Mimi sikuombwa na mtu. Ndama ni wangu."

Tusajigwe akawatazama. Ambokile ndiye aliyemchanjia kuni. Mzee ndiye aliyemletea mama dawa. Subilaga ndiye aliyekuja kila asubuhi wakamgeuza mama kitandani, huku na huku, asipate vidonda. Amuudhi nani? Moyo ukamuuma kweli. Akaishika kamba ya ndama, akafumbua mdomo atoe uamuzi.

"Ngoja kwanza!" Sauti ikatoka ndani. "Nani aliyesema msumari uvishwe kofia? Bila neno langu mngekuwa bado mnakimbiza mabati migombani. Ulisema atakayeuokoa ukuta. Hukusema mama yako hayumo. Niletee ndama wangu nimwone!"

Subilaga akaanza kucheka, kisha akaacha, maana aliona bibi hatanii.

Haya, nyinyi mlioketi hapa. Msiniambie wagawane, ndama hakatwi mapande akiwa mzima. Msiniambie wangoje wa mwakani. Aliyeahidiwa ni huyu. Akimpa fundi, akimpa mzee, akimpa Subilaga, wapo watakaogeuza njia wasipite tena kwake. Akimpa mama yake, watu watasema ahadi ilikuwa ujanja wa kubaki na mali ndani. Akimnyima, atalala naye chumba kimoja kila siku. Watu wanne wanamsubiri Tusajigwe, na ndama anavuta kamba. Je, nani alistahili?