Kibuyu Cheusi cha Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafunga milango yao kwa komeo, Bi Pimbi alikuwa na kibuyu cha maji. Kilikuwa kidogo, cheusi kwa moshi wa jikoni, ufa wake umeshonwa mara mbili. Alitoka nacho kila siku, miaka nenda miaka rudi, maana kisima kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima.

Siku moja Nyati akamkuta njiani, akaomba kuonja. Gu, gu, gu, akayamaliza.

"Maji matamu haya," akasema. "Kibuyu hiki ni changu kuanzia leo." Akakitundika kwenye pembe yake, huyo akaenda zake.

Bi Pimbi akarudi mikono mitupu. Watoto wake watatu walimpokea midomo imekauka. Kesho angechotea nini?

Akatazama paani. Mmumunye wake uliotambaa huko ulikuwa umezaa buyu moja kubwa, nalo lilikuwa limekauka. Akalichuma, akalitoboa, akakaa nalo mlangoni akilipaka mafuta mpaka likang'aa.

Nyati akapita. "La nani hilo?"

"La Tembo, mjomba. Nimelichuma leo hii. Mkubwa kwa kitu kikubwa."

"Tembo abebe hilo, mimi nitembee na hiki kijidude? Lete hapa."

"Chukua, mjomba, nani wa kukuzuia? Ila niachie hicho kikuukuu, nisikose cha kuchotea."

Nyati akamtupia. Pu!

Kesho yake huyo anakuja mbio kutoka kisimani, ulimi nje. "Maji machungu kama shubiri! Umeniroga wewe!"

"Pole, mjomba. Si nilikuambia jana kwamba nimelichuma siku hiyo hiyo? Buyu jipya hufunzwa mpaka uchungu ulitoke. Unatia maji na changarawe, unatikisa choko-choko-choko, linalala nayo, kesho unamwaga. Siku saba. Hata changu kilianza hivyo."

"Namwaga wapi?"

"Hapa hapa, kwenye mchicha wangu."

Siku saba Nyati akachota, akatikisa, akamwaga, jasho likimtiririka. Siku ya nane maji yakawa matamu, na mchicha ukawa umefika dirishani.

"Karibu mboga, mjomba," akasema Bi Pimbi.

Nyati akala, buyu lake amelipakata. Akakitazama kile kibuyu cheusi ukutani. Akakitazama tena. Hakukigusa.

Basi ndivyo ilivyo, wanangu: ukishakitolea jasho cha kwako, unajua cha mwenzako kimemgharimu nini.