Jina Moja kwenye Fomu

Sogeeni karibu, na anayesinzia akalale, maana fumbo hili litamdai jibu yeye pia.

Palikuwa na wanafunzi watatu Waogiek, watoto wa msitu wa Mau, katika shule moja ya bweni. Tapkigen alikuwa na mkono: kilichoonwa na jicho lake, penseli yake ilikitoa. Sigilai aliujua udongo na maganda ya miti kwa rangi zake. Cheruto alikuwa na kumbukumbu. Bibi yake alikuwa amemfundisha alama ambayo kila ukoo huichonga kwenye mizinga yake ya nyuki.

Shule ilipoalikwa kwenye maonyesho ya sanaa, wakachora msitu wao juu ya shuka kuukuu.

Tapkigen alichora miti na mizinga, kila mzinga na alama yake, siku tisa, mpaka vidole vikafa ganzi.

Sigilai akasaga udongo mwekundu, akachemsha maganda. Siku ya maonyesho mvua ikanyesha. Picha za wengine zikachuruzika, yao haikuchuja.

Hata hivyo, waamuzi walipita tu. "Miti, miti," alisema mmoja. Cheruto akawakimbilia. "Hapana, mama! Mzinga huu wa kina babu, ule wa kina mjomba. Ukizijua alama, huwezi kugusa asali ya mtu." Waamuzi wakarudi, wakasikiliza, wakawapa ushindi.

Zawadi ilikuwa nafasi katika sekondari ya sanaa, bila karo. Nafasi moja.

"Andikeni jina," alisema Mwalimu Ombasa, akiweka fomu mezani. "Gari la waamuzi linaondoka saa sita. Fomu ikibaki tupu, nafasi ni ya shule ya pili."

Mnaona rahisi? Ngojeni. Kwao, mrina asali hajigawii fungu; hugawiwa na wenzake. Sigilai akamsogezea Cheruto kalamu. Cheruto akamsogezea Tapkigen. Naye Tapkigen, ambaye baba yake alikwisha sema karo hana, aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Akijiandika, aibu itamfuata hadi nyumbani. Akimwandika mmoja, amemtupa mwingine. Akinyamaza, wamekosa wote.

"Tuandikie wewe, mwalimu," aliomba.

"Mimi sikuchora," alijibu mwalimu, akatazama saa.

Nje, dereva akapiga honi.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, ishikeni kalamu hiyo. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, wale wawili ungewatazamaje?