Nguchiro na Shujaa wa Kofia ya Chuma

Ebu niambieni, nyie mnaogombania simu ya baba: kwenye hizo gemu za mapanga na majini, anayefanana na nyinyi huwa nani? Shujaa, au yule anayekatwa kichwa mapema? Mh! Kaeni chini.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitengeneza gemu zao, Nguchiro alikuwa na digrii ya uchoraji. Fasti klasi! Lakini kazi ya kuchora shujaa, Bwana Simba, mwenye kampuni, alimpa mpwa wake Duma, asiyejua hata kushika kalamu.

"Wewe chora majini," Simba alimwambia Nguchiro. "Jitazame kwenye kioo, uchore. Weusi huo, macho mekundu... perfect!"

Gemu ikatoka. Watoto wa Nguchiro wakashindwa kupita njiani. "Jini hilo! Lipigeni!" Pu! Pu! Mawe.

Na wivu, jamani! Nguchiro alimtazama Duma akijizungusha kwenye kiti cha ofisi cha mchora shujaa, nyongo ikampanda. "Kiti changu kile," akanong'ona. "Changu!"

Ikaja gemu ya pili. Duma akamwita. "Oya, nichoree na shujaa. Mimi nawahi saluni."

"Sawa, kaka."

Akachora shujaa mwenye kofia ya chuma iliyofunika uso mpaka kidevuni.

Siku ya uzinduzi, Simba alicheza mbele ya umati. Shwa! Shwa! Majini chini. "Mnamwona? Damu yetu hiyo!"

"Shikamoo, bosi," Nguchiro akasema kwa upole. "Tumbadilishe kidogo? Naona hajakaa vizuri."

"Wee! Asiguswe! Naapa kwa manyoya ya shingo yangu, shujaa ni huyo huyo!"

Ukumbi ukaguna. Simba akiapa hivyo kisha akavunja kiapo, hunyolewa hadharani.

"Ahsante, bosi." Nguchiro akabonyeza kitufe. Kacha! Kofia ikamvuka shujaa. Ndani, uso wa Nguchiro, mweusi tii, unatabasamu.

"Impossible! Ufalme wa kwenye gemu hii haukuwa na nguchiro!" Simba akanguruma.

"Ila majini yalikuwepo, bosi?"

Kule nyuma, Nyumbu akainua mkasi. "Tukuletee kiti, mzee?"

Simba akajishika shingo. "Abaki."

Watoto wa Nguchiro wakarukia mabenchi. "Baba! Ni baba yule!"

Mwenye kalamu ndiye anayeamua nani apendwe na nani apigwe mawe.

Na nyie mabosi wa gemu, waondoeni wapwa wenu kwenye viti hivyo, mtuajiri sisi tunaojua kuchora. Leo, siyo mwakani!