Fundi Fisi na Mkia wa Kidoti

Bisheni! Nawaambia mapema, bisheni sasa hivi kabla sijaanza, maana nikishaanza mtafunga midomo wenyewe. Nyinyi mmezoea hadithi za kuokoteza, za watu wanaosema "nasikia, nasikia." Hii naijua mpaka mbegu yake, na hakuna mtu mtaa huu anayeisimulia kunishinda mimi. Anayesema fisi hawezi kumlilia mama yake mchana kweupe mbele ya kuku, anyanyue mkono. Wewe? Haya, teremsha. Utakuja kuona aibu bure.

Hapo zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa wanajenga nyumba na kuazimana chumvi, alikuwepo bwana mkubwa mmoja aliyeitwa Mzee Chui. Nyumba ya bati, ua wa miti, na banda la kuku upande wa nyuma. Ukimuuliza, "Mzee, wewe na kuku wapi na wapi?" anakujibu, "Nawafuga kwa ajili ya mayai."

Mayai! Haya, tuseme mayai.

Langoni kwake walilinda mbwa, mama na wanawe. Mama yao aliitwa Bi Sikudhani. Na mbwa wote wa pale hawakuwa na mikia. Si kwamba walizaliwa hivyo. Walikatwa! Mzee Chui alikuwa hasikii la mtu: "Mbwa mwenye mkia anautikisa. Akiutikisa, mgeni anacheka. Mgeni akicheka, ataniogopa saa ngapi? Kata!"

Mkataji alikuwa Fisi. Lakini usimwite Fisi hivi hivi, atakununia. Mwite Fundi Fisi. Ana kisu chake, ana jiwe lake la kunolea. Ujira wake ni mikia yenyewe. Akishakata anaitumbukiza chunguni, ndimu kidogo, pilipili kidogo, kisha anakunywa supu huku anajilamba mpaka kwenye nyusi.

Basi Bi Sikudhani akajifungua. Safari hii mtoto alikuwa mmoja tu, wa kike, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Wakamwita Kidoti. Macho bado yamefumba, miguu bado haijui kazi yake.

Akaja jirani kumtazama mzazi. Jirani mwenyewe Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kajamaa kafupi, kanene, kanaishi kwenye mawe nyuma ya ua, na meno mawili ya mbele yamechongoka kama misumari. Mkia hana kabisa. Yeye hakukatwa na mtu, ndivyo alivyoumbwa.

Pimbi akainama, akampulizia mtoto usoni: "Fuuu!"

Mkia wa Kidoti: tiki-tiki-tiki!

"He! Dada, huyu ananisalimu!"

"Anamsalimu kila mtu," Bi Sikudhani akasema. "Asubuhi kamsalimu mende."

"Na macho hana! Amenijuaje?"

"Wala hakujui. Amefurahi tu kwamba kuna mtu." Kisha masikio yake yakalala. "Kesho asubuhi Fundi Fisi anakuja."

Pimbi akauliza polepole, "Kwani dada, mkikatwa mnakuwaje?"

"Si unawaona kaka zake? Wakienda kisimani, mbwa wa watu hawajui kama wamekuja kwa heri au kwa shari. Mkia ndio unaotangulia kusema. Wanangu hawana, basi wanarukiwa kabla hata ya kuamkia. Kila wakirudi, masikio yamechanika."

"Umemwambia Mzee?"

"Nimemwambia. Kasema hakuniajiri niongee."

Pimbi akarudi kwenye mawe yake, akatia majani mdomoni, hayapiti. Akitafuna, anakumbuka tiki-tiki-tiki. Akajisemea, "Mtu mzima mimi, mara ya mwisho kusalimiwa vizuri namna ile ilikuwa lini?" Akatafuta, hakupata. Pale pale akasema moyoni: mkia ule haukatwi.

Asubuhi ua ukafurika. Fundi Fisi keshaketi, kisu kwenye jiwe: kwirrr! kwirrr! Chungu kiko motoni pale pale uani, maji yanatokota. Kuku wamejipanga juu ya uzio kama wako harusini. Mzee Chui yuko kitini anapiga miayo. Bi Sikudhani amemfunika mwanawe kwa kanga, anatetemeka mpaka kanga nayo inatetemeka.

Mara Pimbi huyoo, anaingia kwa madaha.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba. Hebu toka, unanizibia mwanga."

"Fundi, nimekuja kujifunza kazi."

"Hi-hi-hiii!" Fisi akacheka mpaka kisu kikamdondoka. "Wewe? Wewe usiye na hata mkia wa kufanyia majaribio?"

Kuku nao, kwe-kwe-kwee! Pimbi akacheka pamoja nao. Ndani aliungua, lakini akacheka.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mjomba. Sifa zako zimefika mpaka kule mawe ya chini. Wanasema Fundi Fisi akikata, mtoto haumii hata kidogo. Mimi mjinga nikawabishia."

"Ukabisha?" Kisu kikasimama juu ya jiwe.

"Ujinga, mjomba. Nieleweshe."

Hapo Fisi akajiweka sawa, akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. "Sikiliza, wewe mfupi. Siri ya kazi hii ni macho. Mtoto namkata kabla hajafumbua macho. Asiyeona haumii! Kwani maumivu yanaingilia wapi? Machoni! Ukikiona kisu, unaumia. Usipokiona, hamna kitu, ni kama kukatwa kucha."

"Mbona huwa wanalia?" Bi Sikudhani akauliza, sauti ndogo.

"Wanalia njaa."

"Maneno hayo Fundi anayasema siku zote," Mzee Chui akadakia. "Haya kata, nina kazi mimi." Kazi yenyewe ilikuwa kulala.

Pimbi akanyoosha mkono. "La mwisho, Fundi, halafu nanyamaza. Ni watoto tu, au hata mtu mzima akifungwa macho?"

"Hata mtu mzima!"

"Hata wewe?"

"Hata mimi! Nifunge macho hapa, uning'ate unavyotaka, mimi nitakuuliza mbona huanzi."

"Aa, hapana, Fundi. Siwezi mimi. Ukija ukalia hapa mbele ya kuku, na heshima yako yote..."

"Nilie? Mimi?"

"Basi tuache, mjomba. Watu watakuamini hivyo hivyo tu."

Yarabi! Fisi mtukane, atacheka. Mnyime nyama, atakuibia. Lakini umhurumie mbele za watu? Alivimba shingo ikawa kama mtungi. "Leteni kitambaa! Mzee, niruhusu nimtie adabu huyu kifupi!"

Mzee Chui akaacha kupiga miayo. Kumekucha, pana tamasha. "Ruksa," akasema.

Bi Sikudhani akamfunua mtoto, akatoa ile kanga, Pimbi akamzungushia Fisi machoni, akakaza fundo.

"Unaona kitu, Fundi?"

"Giza tupu."

"Umetulia?"

"Kama jiwe. Ukimaliza niamshe."

Pimbi akazunguka nyuma. Alijua vizuri: Fisi akinyamaza, mkia wa Kidoti unakwenda chunguni, na huenda yeye Pimbi akaufuata na ndimu juu. Mbele yake kimening'inia kimkia cha Fisi, kifupi, manyoya ovyo ovyo kama fagio la zamani. Akafumba macho yeye mwenyewe. Akapanua kinywa.

NG'WAP!

"UWIIII! MAMAAA! Mama weee, nakufaaa!"

Fisi aliruka juu kama mtu aliyekalia makaa. Macho yamefungwa, hajui aendako: puu! kwenye uzio. Kuku wakamwagika chini, mbawa fafafafa! Akageuka: gong! kwenye chungu. Maji ya supu chwaaa, moto ukazima pale pale. Akaishia kwenye banda la kuku, kichwa ndani, makalio nje.

Pimbi akamsogelea kwa adabu zote. "Fundi, vipi? Mbona huniulizi kwa nini sianzi?"

"Umening'ata mkia!"

"Umenionaje, na macho umefungwa?"

"Sikukuona! Nimeumia!"

Fisi akayasikia maneno yake mwenyewe yakitua chini moja moja, na hakuna hata moja aliloweza kuliokota. Kuku mmoja mtu mzima akageuza shingo, akasema, "Kumbe! Nawe Fundi una njaa?"

Weee! Watu walicheka wakakaa chini.

Lakini Mzee Chui hakucheka. Alijikuna shavu. "Hata kama," akasema. "Inauma? Basi inauma. Mimi langoni pangu nataka ukali. Fundi, toka humo, uje ukate."

Kicheko kikakatika kama uzi. Bi Sikudhani akamgeukia Pimbi. Na Pimbi, nisiwafiche, hili hakuwa amelipangia. Mpango wake wote ulikuwa meno. Akatazama huku, akatazama kule, mpaka macho yake yakaangukia chini ya kiti cha Mzee Chui.

"Mzee, umesema kweli tupu. Ukali ndio mambo. Samahani nikuulize, hapa uani mkali kuliko wote ni nani?"

"Swali gani hilo? Ni mimi."

"Hakuna anayebisha! Na mkia wako, Mzee, ni huo?"

Kila mtu akautazama. Mkia mrefu, madoadoa mazuri, umening'inia mpaka chini, na ncha yake inacheza yenyewe bila habari.

"Mkali hivyo, na mkia wote huo!" Pimbi akashika kichwa. "Je, ukikatwa? Si nchi nzima itahama? Mzee, bahati imekuja yenyewe. Fundi yupo, kisu kimenolewa, kitambaa kile pale."

Na Fisi, akitafuta pa kuiokota heshima yake, akajichomoa bandani, manyoya ya kuku puani, akapapasa kisu, akateremsha kanga shingoni. "Naweza, Mzee. Dakika moja tu. Ni kama kukatwa kucha."

Fyuu! Mkia wa Mzee Chui ukapotea. Ameukalia.

"Nani... nani hapa aliyesema mkia unapunguza ukali?"

"Wewe, Mzee," kuku wakajibu kwa pamoja.

"Nilikuwa natania! Hamjui utani nyinyi? Mtoto aachwe na mkia wake. Na wewe Fisi, toka na kisu chako uani kwangu!"

Fisi akatoka mbio, kanga ya watu bado iko shingoni, akaingia porini, hakurudi tena mpaka leo.

Pimbi hakungoja Mzee abadili mawazo. Alikwenda moja kwa moja kwa Kidoti. "Fuuu!" Tiki-tiki-tiki! Bi Sikudhani akacheka na kulia kwa pamoja, akamlamba Pimbi uso mzima mpaka akakosa pumzi.

Kidoti akakua. Akija mwizi, mkia wima. Akija rafiki, mkia tiki-tiki. Mzee Chui alikaa kitini kwake, hanyanyuki. Anautazama mkia tu, anajua aliyefika. Ikawa yeye ndiye anayejisifia: "Mimi nilisema zamani, mbwa lazima awe na mkia." Na kaka zake Kidoti wakawa wanakwenda kisimani nyuma ya dada yao. Yeye anatangulia, mkia unawasemea wote, nao wanarudi masikio mazima.

Funzo lake hilo hapo: kabla hujamwambia mwenzako hataumia, jaribu kwako kwanza.

Nimemaliza. Nani anabisha?

Mbona mnanitazama hivyo? Ah. Haya. Kuna kipande nimekiruka, kwa sababu mlikuwa mnacheka vizuri.

Fisi hakufika porini. Alifika nyuma ya yale mawe, akaketi. Na Pimbi, alipotoka kwa Kidoti, alimfuata, maana kicheko kilikuwa bado kimembaki, na alikuwa na maneno makali tayari ulimini. Akamkuta Fisi amekishika kile kimkia kwa mikono miwili.

"Na mimi nilikatwa," Fisi akasema, hata hakumtazama. "Nilikuwa sijafumbua macho. Babu aliyenikata ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia sikuumia, nami nikamwamini. Leo uliponing'ata, nimeukumbuka mkono wake. Pimbi, kwa hiyo siku ile niliumia?"

Pimbi akayameza yale maneno makali.

Nzi wakaanza kuja kwenye kidonda. Fisi akajaribu kuwafukuza kwa mkia, mkia haufiki. Pimbi akachuma jani pana, akaketi pale kando yake, akawa anampepea.