Ndiva Iitwe kwa Jina la Nani?

Sogeeni. Hadithi hii sina jibu lake, na asiyependa kuulizwa aondoke mapema.

Huko Mbaro, juu milimani Upare, mama aitwaye Nambike alizaa watoto watatu, akawafunza mafunzo matatu. Kangero alipoanguka aliambiwa mwanamume halii. Akawa jasiri. Mrutu aliposema neno mbele ya wageni alipigiwa makofi. Akawa msema kweli. Nakijwa, binti, alipoogelea kuvuka ndiva akiwa na miaka tisa, alichapwa kwa fimbo ya mpera: mwanamke haingii bwawani, maji yatakauka. Akawa mtiifu, mwenye kujali watu.

Ndiva hiyo ndiyo bwawa la kumwagilia mashamba. Ukuta wake ni wa udongo na mawe, kizibo chake cha mti kiko chini majini. Nayo hupewa jina la aliyeiokoa: kila asubuhi mgawa maji hulitaja kwa sauti kabla hajataja zamu za watu.

Nakijwa alilitamani jina hilo, ingawa hakumwambia mtu. Alikuwa ameposwa ng'ambo ya mlima, ambako ataitwa mke wa fulani, kisha mama fulani, na nyumbani hata mbuzi watamsahau. Alitaka Mbaro iamke kwa jina lake, japo yeye hayupo.

Masika yakazidi. Alfajiri moja alikwenda kuchota maji, akaona tope likibubujika chini ya ukuta. Akavua kanga ya juu, akaingiza mguu bwawani. Akautoa. Akakimbia kuwaambia kaka zake, kisha akashuka bondeni kuwatoa watu nyumba kwa nyumba, maana alijua nani hatembei na nani amejifungua juzi. Hakufa mtu.

Wazee walifika ukutani wakasema kizibo kisiguswe kabla ya tambiko. Mrutu akawaambia usoni kwamba ukuta umeoza kwa sababu wao wamekwepa msaragambo, ile kazi ya pamoja, miaka mitatu mfululizo. Wakaona haya, wakakubali.

Kangero akapiga mbizi. Mara ya tatu akang'oa kizibo, maji yakapungua, ukuta ukasimama. Lakini pembe moja ilikuwa imeshamomonyoka, maji yakazoa migomba yote ya mama yao.

Siku ya kutoa jina baraza liligawanyika. Wengine walimtaka aliyepiga mbizi, wengine aliyesema. Nakijwa alitajwa na wanawake wawili tu, tena kwa kunong'ona.

"Binti yangu," Mzee Mbonea akamwuliza, "wewe uliona wa kwanza. Mbona hukuzibua mwenyewe? Migomba ingepona."

Nakijwa akamtazama mama yake.

"Msimwulize yeye," Nambike akasema. "Nilimchapa kwa jambo lile lile ninalompikia kaka yake kuku."

Watu wakacheka, kisha wakaacha. Mrutu akakiri kwamba maneno yake, yangetoka kwa dada yake, wangesema ana mdomo. Kangero akasema kule chini alilia kwa hofu. Ni vile tu majini machozi hayaonekani. Wazee wakaahirisha, wakaahirisha tena, mpaka siku ya harusi ikafika.

Sasa ni asubuhi. Nakijwa yuko mlangoni, sanduku limefungwa, wanaomchukua wanamwita atoke. Anawaomba wasubiri kidogo. Juu ukutani mgawa maji amevuta pumzi, bado hajaambiwa.

Haya, ninyi mliosikiliza: mwambieni aite nani?