Vijiti vya Kahambu

Sogeeni, jamani, na anayesinzia apigwe kiwiko!

Palikuwa na kijiji kidogo katikati ya msitu mnene, hata jua lilikifikia kwa vipande. Watu wake walipoingia msituni walivunja vijiti njiani, wasije wakapotea wakati wa kurudi. Kahambu, aliyeolewa huko, akapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa mahututi ng'ambo ya msitu. Akaenda akivunja vijiti, kra, kra, akatokea mlangoni pake mwenyewe. Akaenda tena, mlangoni pake. Mara ya tatu, mlangoni pake!

"Ewe zimwi, mbona unanifunga?" akalia.

Zimwi la msitu likacheka juu ya miti. "Mimi? Kila kijiti unachovunja, unaniomba nikurudishe. Nami nakurudisha."

Basi Kahambu akaenda mikono kaikunja kifuani. Akatembea, akatembea, akatembea, hata akaona mwanga wa mashamba, akamsikia mama yake akikohoa.

"Mama, nimefika!"

Kwa furaha akasahau. Mkono ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea. Kra!

Akajikuta mlangoni pake.

Ngano yangu naiacha hapo mlangoni. Mwenye mikono inayotulia na aende akamtoe.